Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: mwulizeni mama, mtoto anakula nini?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi hupika chapati. Kibanda changu kiko Kayole, hatua chache kutoka steji, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko hapo. Maafisa wako wananijua. Kila miezi sita napeleka choo changu kupimwa ili nipewe cheti cha kushika chakula, na leseni yangu nimeibandika ukutani pale ambapo mafuta hayafiki. Nayasema haya mapema usije ukadhani barua hii imeandikwa na adui wa ngano. Ngano ndiyo inayolipa kodi yangu ya nyumba. Siku nzuri namaliza pakiti kumi za kilo mbili, na Jumapili ya mwisho wa mwezi hata beli nzima hainitoshi.

Binti yangu, mtoto wangu wa pili, ana miaka tisa na haruhusiwi kuonja chapati ya mama yake. Ana ugonjwa uitwao seliaki. Ilituchukua miaka minne kulijua jina hilo.

Alikuwa na miaka miwili na nusu tumbo lilipoanza kufura. Mikono na miguu vijiti, tumbo ngoma. Choo chake kilikuwa kingi, cheupecheupe, chenye mafuta, na harufu yake ploti nzima iliifahamu. Dawa ya minyoo aliimeza mara nyingi hadi akaijua kwa rangi. Tulitibiwa amiba. Tulitibiwa taifodi mara tatu, nawe unajua jinsi taifodi ilivyo rahisi kupatikana katika maabara za mitaani. Dawa ya maji ya kuongeza damu tulinunua chupa baada ya chupa. Damu inapanda kidogo, mwezi ukiisha imeshuka. Jirani mmoja aliniambia kwa upole kwamba mtoto ametupiwa jicho. Mwingine, bila upole wowote, aliniuliza kama namlisha. Muuza chakula, Mheshimiwa, kuulizwa kama mtoto wake anakula!

Kadi yake ya kliniki ina ile mistari ya ukuaji. Nukta zake zilikuwa zinateremka, zikavuka mstari wa chini kabisa, nami kila nikitoka pale niliahidi kumlisha zaidi. Nikamlisha zaidi. Nilimlisha kile nilichokuwa nacho tele. Chapati laini kuliko zote, ile ya katikati ya rundo, niliikunja nikampa na chai ya maziwa alfajiri kabla wateja hawajafika.

Vituo tulivyozunguka sivitaji, na sina ugomvi na watu waliotuhudumia. Foleni zao naziona. Lakini wote waliniuliza anahara mara ngapi, ana homa, anatapika, tunachemsha maji. Miaka minne ilipita kabla mtu hajaniuliza mtoto anakula nini. Aliyeuliza alikuwa afisa wa kliniki kijana, mchana mmoja wa mvua wakati foleni imepungua. Nikamjibu kwa majivuno: chapati, daktari, hakosi hata siku moja. Akaweka kalamu chini.

Labda nikueleze anachokijua kila mpishi wa chapati hata kama hajui jina lake. Ukimwagia maji unga wa ngano na kuukanda dakika kumi, unaanza kuvutika. Ukiuvuta haukatiki, unarudi kama mpira. Unga wa mahindi haufanyi hivyo hata uukande hadi kesho. Kinachovutika ni protini iitwayo gluteni, nayo imo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Kwa wengi wetu haina neno. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika vita hivyo inaushambulia utumbo mdogo wa mtu mwenyewe. Daktari wa hospitali kubwa alinichorea kwenye karatasi: ukuta wa utumbo mdogo una vijinyuzi vingi kama vya taulo, na vijinyuzi hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Gluteni ikiingia kila siku, taulo linanyolewa mpaka linabaki kama shuka. Mtoto anakula, anashiba, chakula kinampita. Haumwambukizi mtu. Hauna sindano wala kidonge. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote, na ikiachwa kweli, taulo huota upya.

Sasa nikuambie jambo ambalo lingetuokoa miezi mingi kama ningelijua. Yule kijana alituandikia kipimo cha damu. Kinatafuta kingamwili ambazo maabara huziandika tTG-IgA, na pamoja nazo hupimwa IgA, aina moja ya kingamwili, yote kwa jumla, kwa kuwa kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kipimo kikawadanganya. Fedha sikuwa nazo siku hiyo. Kipimo kilikuwa kinakula faida yangu ya wiki tatu. Nikasema nitajikusanya. Kumbe katika kujikusanya nikaongea na mteja wangu mmoja, mtu aliyesoma, akaniambia usingoje kipimo, mwachishe ngano leo. Nikamwachisha. Ndani ya wiki chache choo kikakaza, akaanza kucheza nje, akaniomba chakula cha pili. Nilifurahi hadi nikalia. Baada ya miezi miwili na nusu nikapata fedha, nikampeleka kupimwa, na jibu likaja safi. Hana chochote.

Hana chochote kwa sababu nilikuwa nimeuzima moto kabla ya kuwaonyesha watu moshi. Kipimo hiki kinataka mtu awe bado anakula ngano. Tukaambiwa hakuna njia ya mkato: arudi kwenye ngano, kila siku, wiki sita, halafu apimwe tena.

Mheshimiwa, nilimpikia mwenyewe. Kila asubuhi nilimpa mtoto ambaye alikuwa ameanza kunenepa kile ambacho sasa nilijua kinamnyoa utumbo. Wiki ya pili tumbo likarudi. Wiki ya nne akaacha kuomba chakula cha pili. Aliniuliza, "Mama, mbona umeanza tena kunipa?" Nilimwambia daktari anataka kuona. Hakuelewa, na mimi sikuwa na maneno mengine. Damu ilipopimwa mara ya pili kingamwili zilikuwa juu sana, na kamera iliyopitishwa kinywani hadi kwenye utumbo ikaleta vipande vidogo vya nyama vilivyothibitisha.

Kwa hiyo, ukisoma mstari mmoja tu wa barua hii, soma huu: anayeshuku seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa. Mabango ya kunawa mikono yapo kila dispensari ya kaunti, na yamesaidia. Karatasi moja chini ya bango hilo yenye maneno hayo ingetosha kumwokoa mtoto mwingine wiki zile sita.

Nimeshaambiwa, na watu wenye vyeo pia, kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Kwa makadirio ya dunia, mtu mmoja hivi katika kila mia anao. Lakini idadi kubwa kuliko zote iliyowahi kupatikana kwa watoto haikutoka Ulaya, ilitoka hapa Afrika: mwaka 1999 watafiti walichapisha kwamba kati ya watoto Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, waliopimwa, 5.6 katika kila mia walikuwa na seliaki. Ugonjwa hufuata jeni, zile ziitwazo HLA-DQ2 na HLA-DQ8, na hufuata chakula. Sisi Nairobi ngano tunaila asubuhi kwa mkate na mandazi, mchana kwa chapati na ndengu, jioni kwa chapati na ndengu tena. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 4,397,073. Tuseme kwetu ni wachache, robo tu ya hiyo moja kwa mia: bado ni watu karibu elfu kumi na moja. Wengi wao hawana tumbo la ngoma kama la binti yangu. Kwa watu wazima ugonjwa huu huja na sura nyingine, damu isiyopanda, vidonda mdomoni, mimba zinazotoka, mifupa inayovunjika kabla ya umri wake, vipele vya kuwasha viwikoni na magotini, uchovu usioeleweka. Wapo pia ambao hawahisi lolote huku utumbo ukiharibika.

Usiku nikiwa nimechoka kulala husoma kwa simu. Nilisoma juu ya daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Miaka ya 1930 hakuna aliyejua watoto hawa wanaumwa nini, wengine walikuwa wanalishwa ndizi kwa wingi. Inasimuliwa kwamba kilichomshtua Dicke ni maneno ya mama mmoja, aliyesema mwanawe hupata nafuu akinyimwa mkate. Kisha vita vikaja, na majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 mkate ukaadimika Uholanzi. Watu walikufa njaa, ila watoto wa seliaki walionekana kupata ahueni. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake, na dunia ikajua ni ngano. Yaani aliyefungua mlango ni mama, na daktari aliyekubali kumsikiliza mama anachosema juu ya sahani.

Nikija kwa maisha ya sasa, watu hudhani shida yetu ni kupata chakula. Siyo. Ugali, githeri, mukimo, nduma, viazi vitamu, mihogo, matoke, wali, maharagwe, sukuma, omena, nyama: vyote hivyo kwa asili havina gluteni. Nyanya yake kule kijijini alikula hivyo maisha yake yote. Zile pakiti za kigeni zinazouzwa Westlands kwa bei ya kuku mzima hatuzihitaji. Shida iko katikati, kati ya gunia na sufuria.

Twende Nyamakima pamoja, kwa wauza nafaka. Magunia yamepangwa mdomo kwa mdomo: wimbi, ngano, mtama, mahindi, shayiri ikiwepo. Gorogoro, kopo la kupimia, ni moja. Linazama kwenye ngano, linazama kwenye wimbi. Punje chache za ngano hazimsumbui mteja mwingine yeyote duniani. Mimi nazitandaza nyumbani kwenye ungo na kuziokota moja moja, kama tulivyokuwa tukichambua mchele zamani, na bado naogopa.

Halafu kuna kisiagi. Kila mtaa una kisiagi, na jiwe ni moja kwa nafaka zote. Mtu akisaga ngano mbele yako, kilo yako ya wimbi inabeba vumbi la ngano iliyobaki kwenye mashine. Nimefanya mapatano na kijana wa kisiagi cha kwetu. Jumatano nafika kabla ya saa moja asubuhi, yeye anakuwa ameifagia mashine jana yake usiku. Kwanza tunasaga kilo mbili za mahindi ya bei rahisi, zinapitia jiwe lote zikisafisha, na unga huo unaenda kwa kuku wa jirani. Ndipo tunasaga ya mtoto. Mwanzoni alinicheka. Siku hizi akiona mtu wa ngano anakuja mapema anamwambia angoje, wa dawa bado. Anauita hivyo, unga wa dawa.

Uji ndio ulionipiga chenga vibaya zaidi. Baada ya kujua ugonjwa, nilimpa mtoto uji pawa kutoka kwenye mfuko wa khaki, nikidhani uji ni wimbi. Miezi miwili hakupona sawasawa. Nikamrudia mama aliyeuuza, nikamwuliza ameweka nini. Akanihesabia kwa vidole na kwa fahari: wimbi, mtama, soya, njugu, terere, mchele, na ngano kidogo ili uwe mlaini. Ngano kidogo! Hakunificha, sikuwa nimeuliza. Mfuko haukuwa na maandishi yoyote zaidi ya nambari ya simu. Na "kidogo" kwa ugonjwa huu haipo. Watafiti waliwahi kuwapa wagonjwa miligramu 50 za gluteni kwa siku kwa miezi mitatu, na utumbo ukaonyesha madhara. Kipande kimoja cha mkate kina gramu mbili hivi au zaidi. Makombo, basi.

Ukishajua hivyo unaanza kuiona ngano kila mahali. Viazi karai vinavikwa unga wa ngano. Chenga za mkate zimo ndani ya soseji na smoki nyingi. Chipsi hazina neno hadi zikaangwe kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa. Sosi ya soya kwa kawaida huchachuliwa na ngano. Injera ya teff safi ya Eastleigh ni salama kwake, lakini teff ni ghali na wapishi wengi huiongeza ngano au shayiri. Mmoja aliniambia ukweli nilipomwuliza, namshukuru hadi leo. Nyumbani nilitupa mwiko, maana mti hunywa, nikanunua mwingine Gikomba na kuufunga uzi mwekundu. Ana sufuria yake, kijiko chake, chujio lake. Navua nguo za kazini mlangoni. Unga wa ngano huruka hewani, anayekanda anajua: ukipiga makofi mikono, wingu.

Yaliyobaki ni ya watu. Nyanya yake alilia alipoambiwa mjukuu hali chapati, akaniuliza ni nani aliyemlaani, kisha Krismasi akampa nusu kwa siri kwa mapenzi. Kwetu chapati ni namna ya kumwambia mtu karibu. Darasani mtoto akileta keki ya siku ya kuzaliwa, wangu anasema ameshiba. Hata komunyo ya kwanza ilitaka mazungumzo, kwa kuwa hostia ni ya ngano, na Vatican ilikumbusha mwaka 2017 kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo mno inafaa, na asiyeiweza hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Padre wetu aliyajua haya kabla sijamaliza sentensi. Nilitamani siku hiyo padre angekuwa na zamu kliniki.

Niseme pia neno moja kwa wale walioacha ngano ili wapungue kiuno. Ni haki yao. Lakini wanapoagiza chakula kisicho na gluteni kisha wanamalizia na kipande cha keki, mhudumu wa hoteli anajifunza kwamba haya ni maringo, na siku binti yangu atakapouliza swali lile lile atajibiwa kwa maringo.

Mheshimiwa, nimesoma Katiba. Jedwali la Nne linaipa kaunti huduma za afya ya msingi, na linaipa pia kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Kifungu cha 43 kinazungumzia chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Idara yako yenyewe ina neno lishe katika jina lake. Kwa hiyo ninayokuomba yako mezani kwako, hayahitaji kwenda Bungeni.

Lile la kwanza nimeshalisema, swali na karatasi. Lipeleke pia kwa wahudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023 wanabisha milango yetu wakiwa na mikoba yao, na utepe wao wa rangi wa kupima mkono wa mtoto. Utepe ukikataa kutoka kwenye njano, rangi ya onyo, mwezi baada ya mwezi ilhali chakula kipo, waulize chakula gani, na wamwandikie apelekwe kupimwa kabla ya kubadilishiwa chochote. Na kipimo chenyewe kipatikane katika hospitali za kaunti kwa bei ambayo mama wa kibanda anaweza kuilipa bila kungoja wiki tatu, kwa kuwa katika kungoja huko ndimo nilimopotelea.

La pili ni sisi wapishi. Kila miezi sita mnatuita. Tunasimama kwenye foleni saa nzima bila kufundishwa lolote. Tupeni dakika kumi za saa hiyo. Tuelezeni kwamba mteja akiuliza kama kuna ngano ndani, jibu la kweli ni muhimu kuliko jibu la kumpendeza. "Sina hakika" ni jibu zuri sana. Mimi kwa miaka saba niliwajibu watu "hakuna shida" bila kujua ninachojibu.

Visiagi mnavikagua tayari. Sidai kila kisiagi kinunue mashine ya pili, najua bei yake. Nadai ubao mlangoni unaosema mashine inasaga nini, na asubuhi moja kwa wiki ambayo ngano haiguswi. Kijana wa kwetu anafanya hivyo bila kulazimishwa na hajapoteza mteja. Na kila mfuko wa unga wa uji unaouzwa katika masoko yako uandikwe kilichomo, hata kwa kalamu. Codex, viwango vya chakula vya FAO na WHO ambavyo Kenya ni mwanachama wake, inataka nafaka zenye gluteni zitajwe kila mara kwenye chakula kilichofungashwa, na inasema kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Yule mama wa khaki hana maabara ya kupimia miligramu. Kalamu anayo.

Kuhusu Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni, nataka kushukuru. Binti yangu hugusisha bangili yake, analipa shilingi tano, na siku nyingi sahani ni wali na maharagwe au ndengu, chakula ambacho kwa asili ni chake. Anakula alichopakuliwa mwenzake. Kwa mtoto ambaye kila mahali pengine anasema ameshiba, hilo ni jambo kubwa kuliko mnavyofikiri pale ofisini. Ombi langu ni dogo: orodha ya viungo vyote, hadi cha mchuzi, ibandikwe shuleni, na siku menyu ikibadilika tujulishwe mapema.

Limebaki moja ambalo ni gumu kuliandika. Tuliambiwa kwamba mzazi au ndugu wa mgonjwa ana nafasi kama moja katika kumi ya kuwa nao pia. Baba yake alipimwa, hana. Kaka yake alipimwa, hana, ingawa atarudia baadaye kwa kuwa unaweza kuja ukubwani. Mimi sijapimwa. Mimba zangu zote tatu nilikuwa na upungufu wa damu, moja ilitoka, na vidonda vya mdomo ninavyo tangu usichana. Nimekuwa nikisema sina muda. Ukweli ni kwamba naogopa jibu, maana sijui mwanamke mwenye seliaki anakandaje beli moja ya unga kila Jumapili.

Tarehe 16 Mei ni siku ya seliaki duniani. Nimeamua nitapimwa wiki hiyo, damu yangu na damu ya yeyote wa idara yako atakayetaka kunisindikiza. Akija mapema, Jumatano, nitampitisha kisiagini kwanza. Hadi siku hiyo naendelea kula chapati zangu kila asubuhi, kama daktari alivyoniagiza.

Wako kwa heshima,

Mama mpika chapati,
Kayole, Nairobi